Bwana Majibu Atafuta Mkalimani

“Mwenye mashine hajafungua mdomo. Sasa nani aliyenijibu?”

Maneno hayo yalisemwa kwa Kiarabu na mzee mwenye miwani aliyeonekana kwenye kioo cha kompyuta, na mwalimu wa Kiarabu, aliyekuwa ameketi kando kwenye kiti cha plastiki, akayageuza kwa Kiswahili. Kwenye nusu nyingine ya kioo, mwanamume mnene aliyevaa ovaroli alikuwa anasubiri aambiwe kinachoendelea. Huyo ndiye mwenye mashine, na lugha yake ni Kihispania tu. Mhudumu wa hoteli, aliyeitwa siku hiyo kwa sababu ya Kihispania alichookota kwa wageni mezani, hakuwa amepewa hata neno moja la kumpelekea.

Aliyejibu alikuwa Bwana Majibu.

Si jina alilopewa na wazazi wake, ila mtaa mzima ulimwita hivyo, na mtaa haukumwonea. Ukimuuliza jirani yake njia, atakujibu yeye. Ukimuuliza binti yake umri, atautaja yeye. Mkewe akiulizwa hali, yeye husema “Hajambo kabisa” kabla mke hajavuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya, jamani, msimfikirie hivyo. Alikuwa hapendi tu kuona swali limesimama kama mgeni asiyepewa kiti. Basi yule mzee alipouliza kama mashine imekaguliwa na fundi, badala ya kumpa mhudumu alipeleke swali kwa mwenye mashine, Bwana Majibu akasema hapo hapo, “Imekaguliwa, mwambie imekaguliwa, haina tatizo lolote.” Si aliona picha? Si ilikuwa inang'aa?

“Mimi, niliyemjibu ni mimi,” akasema sasa, akicheka kicheko kisicho na meno. “Tulitaka kuokoa muda.”

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akazungumza polepole, na mwalimu akageuza akiwa ameinamisha kichwa. “Anasema anawapa nafasi moja. Alhamisi saa nne asubuhi. Anataka mtu mmoja wa kuchukua neno lake kwa Kiarabu na kulifikisha kwa mwenzake kwa Kihispania, na mtu huyo awe anajua mambo ya biashara na fedha. Anasema hataki neno lake lipite tena mfukoni mwa mtu.”

Kioo kikawa cheusi. Ilikuwa Jumamosi.

Mkewe alirudi mezani, akachukua karatasi ya kaki, akaikunja, akapiga kunjo kwa kijiti, akapaka gundi, akabana. Mfuko mmoja. Mtaani aliitwa Mama Mifuko, na sebule yake yote ilikuwa kiwanda: meza tatu, ndoo za gundi, kamba za kuanikia, na wanawake tisa waliokuja kila asubuhi kukunja naye. Kwa pamoja, wakijitahidi, walifikisha mifuko elfu moja kwa siku. Duka kubwa la barabarani lilitaka elfu tatu. Meneja wa duka alikuwa amesema bila kuficha kwamba mwezi ukiisha bila elfu tatu, atachukua mifuko kwa mwingine, na mwingine huyo hachukui wanawake tisa wa mtu.

Mashine ya mtumba ya kukunja mifuko ilipatikana ng'ambo, kwa yule wa ovaroli. Pesa za kuinunua hawakuwa nazo. Walimpata yule mzee mwenye miwani, ambaye hakopeshi kwa riba. Kazi yake ni kununua kitu mwenyewe, kikawa mali yake, kisha akamuuzia anayekihitaji kwa bei ya juu kidogo waliyopatana mapema, na huyo analipa taratibu. Ndiyo maana yeye na mwenye mashine lazima wapatane wao kwa wao. Familia ile ilikuwa kama mshenga wa posa asiyeelewa lugha ya upande wowote.

“Simu inatafsiri lugha zote siku hizi,” Bwana Majibu alisema.

“Baba, barua ya kwanza si tuliandika kwa simu?” Binti yao ndiye aliyeshika mambo ya kompyuta, na siku hiyo uvumilivu ulikuwa umemwisha. “Yule mzee akajibu kwamba mkataba wa miaka mitatu hazungumzi na kidude. Ukaniambia niwatafute watu wawili, na wewe ukae katikati. Haya, umekaa.”

“Sasa unanisema mimi?”

“Namsema nani mwingine?”

Mama Mifuko akaweka kijiti chini, akapuliza vidole vyake kama aliyeungua. “Mtapigana mkishamaliza kutafuta,” alisema. “Tafuteni.”

*

Walitafuta. Mwalimu wa Kiarabu, mtu muungwana, alikataa hata kujaribu tena: “Mimi nafundisha kusoma na sarufi. Yule mzee akianza kutaja dhamana na umiliki na hasara ya njiani, mimi jasho linanitoka.” Mhudumu wa hoteli alisema Kihispania chake kinaishia kwenye bili. Mtu mmoja alipiga simu akasema anajua lugha saba; binti akamwomba aseme “mauzo kwa awamu” katika mbili kati ya hizo, simu ikakatika na haikurudi.

Jumatatu wakaenda mjini, kwenye ofisi ya wakalimani, ghorofa ya tano, yenye kiyoyozi na kochi jeupe. Mama Mifuko alikaa ukingoni mwa kochi akiwa ameficha mikono chini ya mtandio, maana gundi ya miaka mingi haitoki kwenye kucha hata ukisugua vipi. Dada wa mapokezi akamtazama yeye kwanza.

“Mama, kampuni yenu inaitwaje?”

“Ni kampuni ya vifungashio,” Bwana Majibu akajibu. “Kubwa kiasi.”

“Ina wafanyakazi wangapi?”

“Wa kutosha tu.”

Dada akaandika. Akasema wana mkalimani wa Kiarabu kwa Kiingereza, na wa Kihispania kwa Kiingereza, lakini Kiarabu kwa Kihispania moja kwa moja hawana. Itabidi wachukue wote wawili, malipo ya chini ni nusu siku, kila mmoja. Alipoitaja bei, Bwana Majibu aliitikia “Sawa, sawa,” kwa sauti ya mtu aliyekanyaga msumari hadharani. Zilikuwa pesa za wanawake wote tisa kwa wiki mbili.

Hapo mkubwa wa ofisi akapita, akasimama. “Hawa ni wa nini? Wateja wangu wanapanda lifti sasa hivi. Waambie wasubiri kwenye korido, na hilo kochi lifutwe.”

Aliyasema mbele yao, wala hakushusha sauti. Mama Mifuko aliinuka, akaangalia alipokuwa amekaa, akaona hakuna doa lolote. Hata hivyo akapangusa kwa ncha ya mtandio. Binti yake aliona, na machozi ya hasira yakamjaa mpaka akaukosa mlango mara mbili.

Walikuwa wameshafika chini kwenye ngazi wakati dada wa mapokezi alipowafikia, anahema, viatu mkononi. “Chukueni namba hii. Ni mama mmoja, alikuwa hapa miaka sita, kabla ya hapo alikaa benki, kitengo cha biashara za nje. Kiarabu na Kihispania anavyo vyote kama anavyopumua. Waliachana na bosi kwa sababu bosi alimtaka apunguze makali ya maneno ya mteja fulani, akakataa. Ila ana masharti, nawaambia mapema.”

“Masharti hayatusumbui,” alisema Bwana Majibu.

*

Yalimsumbua. Mkalimani aliwapokea chumbani kwake, miguu yake yenye uvimbe ikiwa juu ya stuli, kamusi nne zimelaliana mezani. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, sauti ya chini, macho makali. Kiarabu ni cha mama yake, alisema, Kihispania ni cha baba, na Kiswahili ni cha mtaa uliomlea.

“Nataka karatasi zote kabla ya kesho jioni. Barua, picha, bei, kila kitu. Siendi kwenye mazungumzo ya fedha nikakutana na neno mlangoni,” alisema. “Nikiwa kazini, nasema ‘mimi’ badala ya yule anayesema. Mzee akisema ‘nanunua’, mimi nasema ‘nanunua’. Msishtuke, sinunui kitu.”

“Tumeelewa,” alisema Bwana Majibu.

“La tatu. Kila kitakachosemwa chumbani na sikio langu likakisikia, nakigeuza. Hata minong'ono.”

“Hapo sasa, dada yangu.” Bwana Majibu alijivuta mbele na kiti chake. “Wewe si unakuwa wa kwetu? Sisi ndio tunakulipa. Tena sikiliza, mambo yakikubali nakukatia asilimia mbili, kama dalali kabisa. Ukiona pahali neno limekaa vibaya, unalilainisha kidogo.”

“Ukinilipa asilimia nitaanza kutaka mkubaliane,” mkalimani alisema, “na nikianza kutaka mkubaliane sitafaa kitu. Malipo yangu ni ya kazi ya saa tatu, yanatangulia, na ni yale yale mkipatana au msipopatana.”

“Hata tukikosa?”

“Hata mkikosa.”

Bwana Majibu alitazama dari. Alikuwa amekuja na nusu ya kiasi hicho, akidhani nusu nyingine itatokana na maneno matamu. Mama Mifuko akafungua mkoba wake, akatoa bahasha ya zahanati, ile yenye nembo ya msalaba, akaiweka juu ya kamusi.

“Hizo si za sindano yako?” mumewe akauliza.

“Ndizo.”

Mkalimani alitazama bahasha, akamtazama mwenye bahasha. “Sindano ya nini, mama?”

“Ya mikono, uchovu tu,” Bwana Majibu alisema. “Itasubiri.”

Mkalimani hakuondoa macho kwa Mama Mifuko. Alingoja. Lakini Mama Mifuko alikuwa ameshazoea kujibiwa, akatabasamu tu, akafunga mkoba.

*

Alhamisi, saa nne kasorobo, wanawake tisa waliambiwa wakakunje uani, sebule ikafagiliwa. Mkalimani alikaa mbele ya kompyuta na daftari dogo, kalamu mbili, na glasi ya maji. Familia ilikaa nyuma yake kwenye benchi, kama watu waliokuja kuomba visa.

Mzee mwenye miwani akatokea. Mwenye mashine akatokea. Mkalimani akajitambulisha kwa lugha moja, kisha kwa nyingine, na mazungumzo yakaanza, na benchi lile likawa halina kazi. Mzee anaongea, mkalimani anaandika vijialama, anageuza. Yule wa ovaroli anajibu, anatoka kwenye kioo, anarudi na kitu cha chuma mkononi, anakionyesha. Dakika tano. Dakika kumi na mbili. Si neno moja la Kiswahili. Maisha ya watu wale yalikuwa yanapita mbele yao yakizungumzwa na wengine, na wao wanatazama midomo tu. Bwana Majibu alikuwa anatokwa jasho mgongoni. Hakuwahi kukaa karibu na maswali mengi namna ile bila kujibu hata moja.

Mara wote wawili kwenye kioo wakaangua kicheko. Mkalimani naye akatabasamu.

“Wanacheka nini?” Bwana Majibu alimnong'oneza mkewe. “Huyu mama anatuuza hapa hapa, na pesa yetu ameila.”

Mkalimani hakugeuka. Akasema kitu kwa Kiarabu, kisha kwa Kihispania, kwa sauti ile ile ya kawaida aliyotajia bei. Kicheko kikakatika. Binti alifunika uso kwa viganja viwili. Bwana Majibu alielewa bila kutafsiriwa, na lau sakafu ingekuwa na mlango, angeshuka nao.

Mzee akasema jambo. Sasa mkalimani akageuza kiti kidogo, akaliweka kwa Kiswahili.

“Mtu anayeogopa kuuzwa ana haki ya kujua kilichochekesha. Kuku wa mwenzangu ameingia ofisini kwake na kutaga juu ya karatasi zake. Sasa na mimi nina swali. Wewe ndiye uliyenijibu Jumamosi?”

“Ndimi,” Bwana Majibu akasema.

“Mashine ikishakuwa yangu, ikiharibika kabla sijakukabidhi, hasara ni yangu. Kwa hiyo swali lile lilikuwa pesa yangu. Kwa nini ulijibu?”

Hapo angeweza kusema mengi. Alikuwa ameyapanga tangu Jumamosi: mtandao ulikuwa mbovu, mwalimu alikosea, ilikuwa kutoelewana. Akamtazama mkalimani, akakumbuka kwamba kila neno litafika kama lilivyo, uchi, halina nguo ya dalali. “Niliogopa,” alisema. “Niliogopa ukisubiri jibu utabadili nia. Sikujua kama imekaguliwa. Samahani.”

Lilikuwa jibu lake la kweli kuliko yote yaliyowahi kusikika mtaani kwake. Likaenda kwa Kiarabu, likaenda kwa Kihispania, na mwenye mashine akapaza sauti, akiinua tena kile chuma chake.

“Mimi hakuna aliyeniuliza!” mkalimani alisema, mkono wake mmoja ukiinuka bila yeye kujua. “Ningeulizwa ningesema. Gurudumu la gundi limelika, ndilo hili. Mashine itafanya kazi mwezi mmoja, miwili, kisha itaanza kumwaga gundi. Nimemwambia mwenzangu leo. Napunguza bei, na gurudumu jipya nalituma ndani ya kasha hilo hilo.”

Bwana Majibu alishika ukingo wa benchi. Mwezi mmoja, miwili! Angelipa miaka mitatu kwa mashine ya miezi miwili, kwa sababu ya neno lake mwenyewe. Alitaka kumshukuru mtu, hakujua aanze na nani.

Mzee aliandika, akapiga hesabu, akainua macho tena. Sasa alikuwa anamtazama mwanamke aliye katikati ya benchi.

“Kiwandani, nani atakayeisimamia mashine hii kila siku?”

Swali likatua. Bwana Majibu akafungua mdomo. Yalikuwa yapo tayari, yamejipanga: mke wangu, mtu hodari, hachoki, ana afya ya chuma. Binti yake alimwona akivuta pumzi. Kisha alimwona akiubana mdomo kwa meno, kabisa, mpaka midomo ikabadilika rangi, na macho yake akayaelekeza kwenye ndoo ya gundi.

Swali likabaki limesimama. Hakuna aliyelidaka.

“Mimi,” alisema Mama Mifuko. Sauti yake ilitoka na kikohozi, kama bomba lililokaa siku nyingi bila maji. “Ni mimi. Lakini nikwambie ukweli, usije ukasema nilikuficha. Mikono yangu imekwisha. Nikikunja tangu asubuhi, saa tano vidole hivi vitatu sivisikii tena. Nakunja kwa kuangalia. Usiku najifunga kitambaa ili nisilie. Mwaka wa pili sasa.”

Mkalimani aliandika, akageuza. Alikunywa maji kabla ya Kihispania.

“Mashine sihitaji kuikunjia,” Mama Mifuko akaendelea. “Nahitaji kuisikiliza na kuilisha karatasi, na hilo naliweza. Na wale tisa walio uani hawatoki. Wawili wataifanyia kazi pamoja nami, wengine watabandika mishikio, maana mishikio mashine haibandiki. Nimeshalifikiria. Hakuna aliyeniuliza, ila nimeshalifikiria.”

Bwana Majibu alikuwa amegeuka mzima mzima kumtazama. Mwaka wa pili! Analala naye kitanda kimoja, na habari ile ameisikia leo pamoja na mtu wa kuku. Aliona haya, na chini ya haya akaona huruma kubwa.

Binti alihesabu pumzi zake mwenyewe. Mwanamke mgonjwa wa mikono anaomba kuuziwa mali ya miaka mitatu; nani mwenye akili atakubali? Hatimaye mzee akavua miwani.

“Jumamosi nilizungumza na mtu aliyejua kila kitu, nikaogopa,” mkalimani akasema kwa niaba yake. “Leo nimezungumza na mwenye kiwanda. Nainunua mashine, kwa bei hii mpya. Ikifika salama nakuuzia. Malipo ya kwanza yawe mwezi wa nne baada ya kuanza kazi, usianze kunilipa kabla haijakulipa wewe. Mkataba uandikwe kwa jina la huyu mama.”

Huko uani kuna mtu alikuwa ameweka sikio dirishani, maana vigelegele vilipasuka kabla mkalimani hajamaliza Kihispania. Akasita, akawageukia watu wa kwenye kioo, akaeleza kwa lugha zote mbili kwamba hizo ni sauti za wafanyakazi. Akaongeza, maana alikuwa amezisikia, maneno waliyokuwa wanapiga kelele nayo: “Haondoki mtu! Haondoki mtu!”

Baadaye alichana kurasa za daftari vipande vidogo, kama alivyofanya kila baada ya kazi, akamkabidhi Mama Mifuko azitie kwenye pipa la karatasi chakavu. Bwana Majibu alimsindikiza hadi barabarani akiwa amembebea mkoba.

“Dada yangu, kile nilichokinong'ona...”

“Nilishakisahau. Nimechana.”

*

Wiki tatu baadaye, mashine ikiwa bado njiani na duka kubwa likiwa limekubali kungoja mwezi mmoja kwa kuonyeshwa mkataba, mume na mke walikwenda zahanati. Bahasha ilikuwa imejazwa upya. Wanawake tisa walichanga, na wakakataa kata kata kurudishiwa.

Daktari aliwajua. Alifungua faili, akachukua kalamu, na kama ilivyokuwa kawaida yake na familia ile, akamgeukia mume.

“Haya, mzee. Anaendeleaje na mikono?”

Bwana Majibu alikohoa. Aliangalia kalenda ukutani, akaangalia viatu vyake.

“Muulize mwenye mikono,” alisema.

Daktari akashangaa kidogo, kisha akasogeza kiti chake upande wa pili wa meza. Mama Mifuko akaiweka mikono yote miwili mezani, viganja juu, kucha na gundi yake. “Inaanzia hapa, daktari,” akasema, na akasema kwa kirefu. Daktari aliujaza ukurasa, akaugeuza, akaendelea kuandika upande wa pili.